Jino lililozibwa halianguki bure

Kila mutu anayepanda pikipiki katika Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia amekwisha kungoja mbele ya kwado. Kwado anatoa mupira wa ndani, anautia ndani ya maji ili aone tundu, anaupangusa, anaukwaruza, anapaka gundi, kisha anangoja. Mwenye pikipiki analalamika kwamba amechelewa, lakini kwado hasikii. Anajua kwamba kipande kikibandikwa juu ya mupira wenye maji ao vumbi, ao gundi ikiwa bado mbichi, pumzi itatoka mbele ya kufika mutaa wa pili.

Munganga wa meno anayeziba jino na plombaji nyeupe anafanya kazi ya jamaa moja na ile ya kwado. Anasafisha, anatayarisha, anapaka gundi, anangoja, kisha anabandika. Tofauti ni kwamba mupira ukitoboka tena, kwado anarudia kazi kwa feza kidogo. Jino likifunguka tena, kuoza kunaendelea chini kwa siri, na mara nyingi mwisho wa safari ni koleo. Na jino la mutu mukubwa likisha kung'olewa, lingine halioti.

Katika miji ya mashariki ya Kongo malalamiko yanafanana. Plombaji ilidumu wiki mbili, ao miezi mitatu, kisha ikatoka pamoja na kipande cha mukate. Mugonjwa anasema munganga ni mwizi. Munganga anasema mugonjwa alitafuna mifupa. Jirani anasema jino lilikuwa limekwisha kufa. Ni mara chache mutu anauliza swali lenye kufaa: gundi ilibandikwa katika hali gani?

Hilo ndilo swali, kwa maana plombaji nyeupe haina nguvu yake yenyewe ya kushika jino. Inashikwa na gundi, na gundi inaomba vitu vitatu: ukavu, wakati na mwangaza. Kliniki isiyoweza kutoa vitu hivyo vitatu haipaswi kuuza plombaji hiyo. Inapaswa kumuambia mugonjwa ukweli na kumupatia njia ingine. Na njia ingine iko.

Gundi inashika namna gani

Plombaji nyeupe, ile wanganga wanaita kompoziti, ni rezini iliyochanganywa na unga laini wa glasi. Ikiwekwa peke yake juu ya jino, haishiki. Aliyeonyesha njia ni munganga wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, mwaka wa 1955. Alijua kwamba viwandani watu wanapitisha asidi juu ya chuma ili rangi ishike vizuri. Akapaka asidi ya fosforiki juu ya jino, na rezini ikashika kwa nguvu kupita ile ya mbele.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Ganda la inje la jino, enameli, ni karibu madini matupu, kama 96 kwa mia ya uzito wake. Asidi inachimba ndani yake matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Gundi inaingia katika matundu hayo ikiwa maji, kisha inakuwa ngumu, na hapo inashika kama mizizi ya muti katika mwamba. Leo wanganga wanatumia asidi yenye nguvu ya 35 ao 37 kwa mia, kwa sekunde 15 hadi 30. Wakisha kuosha na kukausha, enameli inaonekana nyeupe kama chaki. Juu ya enameli safi na kavu, kazi hii inafaulu vizuri tangu miaka mingi.

Shida inaanza chini ya enameli. Hapo kuna dentini, na dentini haifanani na mwamba. Kwa uzito, kama 70 kwa mia ni madini, 20 kwa mia ni nyuzi za protini, na 10 kwa mia ni maji. Imejaa mifereji midogo inayotoka kwenye moyo wa jino, na maji yanasukumwa kupitia humo bila kukoma. Ni kama kupaka rangi juu ya ukuta unaotoa unyevu kutoka ndani.

Mwaka wa 1982, Mujapani Nobuo Nakabayashi na wenzake walionyesha ginsi rezini inaweza kuingia kati ya nyuzi zile za protini, na kufanya pamoja nazo tabaka moja lililochanganyika. Tabaka hilo ndilo linaloshika plombaji kwenye dentini. Lakini linaomba uangalifu mukubwa. Dentini ikikaushwa kupita kiasi, nyuzi zinalala kama majani yaliyokanyagwa, na gundi haipati njia ya kuingia. Ikiachwa na maji mengi, gundi inachanganyika na maji na kupoteza nguvu. Asidi ikikaa muda murefu, inachimba chini kupita mahali ambapo gundi inaweza kufika, na mugonjwa anarudi akisema jino linamuuma kila anapokunywa maji baridi. Kati ya kazi nzuri na kazi mbaya kuna sekunde chache tu.

Viwanda vimejaribu kurahisisha mambo. Siku hizi kuna gundi zilizo na asidi yao ndani, na zingine zina molekuli inayoitwa MDP, yenye kujifunga na kalsiamu ya jino. Ni maendeleo ya kweli. Hata vile, asidi iliyo ndani ya gundi hizo mara nyingi ni pole, haichimbi enameli ya kutosha. Ndiyo maana wanganga wengi wanapaka kwanza asidi ya kawaida kwenye enameli peke yake, kisha gundi mahali pote. Chupa ya bei kali haiondoi kazi ya mukono.

Na mukono ukifanya kazi vizuri, matokeo yanaonekana. Mwaka wa 2014, watafiti waliweka pamoja tafiti mbalimbali zilizofuata plombaji nyeupe za meno ya nyuma, yale yanayotafuna. Waliona kwamba kila mwaka karibu 2 tu kwa mia zinaharibika: 1,8 kwa mia katika miaka mitano, na 2,4 kwa mia katika miaka kumi. Maana yake, katika plombaji 100, karibu 90 zingali kinywani kisha miaka mitano. Basi plombaji iliyoanguka kisha wiki mbili haiwezi kusingizia rezini. Kuna kitu kiliruka ndani ya chumba cha munganga.

Mate, mwangaza na chupa

Kitu cha kwanza ni mate. Jino likisha kupakwa asidi na kuoshwa, tone moja la mate ao la damu linatosha kufunika matundu yale yaliyochimbwa. Gundi inakaa juu ya mate, si juu ya jino. Wanganga wanafundishwa kuzungushia jino kipande cha mupira mwembamba kinacholitenga na kinywa, ao basi pamba iliyowekwa vizuri pamoja na mashine ya kunyonya mate. Lakini mashine hiyo, pamoja na ile inayotoa hewa ya kukausha, inaomba umeme. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kazi na kliniki haina jenereta, munganga anabaki na kinywa wazi mbele yake, mate yanapanda, na gundi tayari imepakwa. Anayemaliza kazi katika hali hiyo ili asirudishe feza anajua vizuri anachofanya.

Kitu cha pili ni mwangaza. Gundi na kompoziti vinakuwa vigumu kwa taa ya bluu. Taa ikiwaka, mugonjwa anaamini, na mara nyingi munganga pia. Lakini jicho halipimi nguvu ya taa. Taa yenye betri iliyochoka inaweza kuonekana yenye mwangaza mukali na hata hivyo isifikishe miliwati 400 kwa sentimita moja ya mraba, kipimo ambacho chini yake kazi inahesabiwa kuwa dhaifu. Ncha ya taa iliyofunikwa na mabaki ya rezini kavu inapunguza mwangaza vilevile. Na hata taa nzuri haipenyi mbali: kompoziti ya kawaida inapaswa kuwekwa kwa tabaka za milimita 2, kila tabaka na mwangaza wake. Anayejaza tundu lote mara moja na kuwasha taa kwa sekunde chache anafanya kitu kigumu juu na laini chini. Mugonjwa akipitisha ulimi, anasikia jino gumu, analipa na kwenda. Chini yake gundi haijawahi kukomaa.

Kitu cha tatu ni chupa yenyewe. Ndani ya gundi ya meno kuna alkooli ao asetoni, na vitu hivyo vinaruka hewani upesi. Kifuniko kikiachwa wazi asubuhi nzima, gundi inayobaki haiko tena ile iliyotoka kiwandani. Joto nalo linaiharibu. Gundi nyingi zinaomba zisipitishe nyuzi 25, na zingine zinaomba friji. Basi mutu afikirie safari ya bidhaa zinazofika mashariki ya Kongo: bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam, lori juani, mupaka, siku za kungoja karatasi, depo bila hewa. Kisha chupa inauzwa ikibakisha miezi michache, ao tarehe yake imekwisha kupita, kwa bei ya chini inayovuta munganga mwenye feza kidogo.

Kuna pia kosa dogo linalofanyika kwa nia nzuri. Ili kutuliza maumivu, munganga anaweka dawa ya muda yenye ejenoli, ile yenye harufu ya karafuu. Dawa hiyo inatuliza kweli. Lakini mabaki yake yanazuia rezini isikomae. Ikiwa mugonjwa anarudi kisha siku chache kuwekewa kompoziti, na tundu halikusafishwa vizuri, gundi itakuwa imeshindwa mbele ya kuanza.

Meno ya chini ya volkano

Kwa wakaaji wa Goma na wa vijiji vilivyo karibu na Nyiragongo na Nyamulagira, kuna jambo lingine linalosemwa kidogo sana. Sehemu nyingi za eneo hilo zina maji yenye fluori nyingi kupita kipimo cha miligramu 1,5 kwa litre kilichowekwa na Shirika la afya duniani, OMS. Mutoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengwa anaota meno yenye madoa meupe ao ya rangi ya kahawa. Watu wanacheka meno hayo, lakini shida si uzuri tu. Enameli iliyoguswa sana na fluori inakataa asidi: sekunde zinazotosha kwa jino la kawaida zinaweza kukosa kutosha kwake, na munganga analazimika kukwaruza juu kidogo ao kuongeza muda wa asidi.

Maagizo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya gundi yanafikiri jino la kawaida. Munganga wa Goma anayeyafuata neno kwa neno, bila kuangalia jino lililo mbele yake, anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado plombaji ikaanguka. Wanganga wanaotumika chini ya volkano wanapaswa kufundishwa jambo hili kama sehemu ya kazi yao ya kila siku, kwa sababu wagonjwa wa namna hiyo wanaingia mulangoni mwao kila wiki.

Jibu la wanganga

Wanganga wa meno wana jibu, na haki inaomba lisikiwe. Wao ni wachache sana. Katika eneo la Afrika, OMS inahesabu karibu wanganga 3 wa meno kwa watu 100 000, kama sehemu moja ya kumi ya hesabu ya dunia nzima. Vyombo ni vya bei kali, kodi ni nyingi, mafuta ya jenereta yanapanda bei. Mugonjwa anafika jino likiwa limekwisha kuoza hadi karibu na moyo wake, na anaomba plombaji nyeupe kwa sababu inaonekana vizuri. Munganga akisema hapana, mugonjwa anavuka barabara na kwenda kwa mwingine atakayesema ndiyo.

Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalobadilisha namna gundi inavyoshika. Asidi haijui kama mafuta yamepanda. Mate hayajui kama kodi ni nyingi. Mugonjwa anayelipa feza za kompoziti na kupewa kompoziti isiyoshika amepoteza feza, na mara nyingi jino pia, kwa sababu chini ya plombaji isiyofungwa vizuri vijidudu vinaingia na kutumika bila kuonekana. Tundu lililo wazi linauma, linamusukuma mutu kwenda kutibiwa. Tundu lililofunikwa vibaya linanyamaza mpaka siku shavu litakapovimba.

Na wanganga wasio na vyombo hawakosi njia. Kuna simenti ya meno inayoitwa glasi ionomeri. Yenyewe inajifunga na kalsiamu ya jino bila kuomba gundi ya kando, inavumilia unyevu kidogo kupita kompoziti, na aina yake ya kawaida inakuwa ngumu bila taa. Karibu na katikati ya miaka ya 1980, ngambo ya ziwa Tanganyika, katika Tanzania, munganga Muholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha namna ya kutibu meno pasipo umeme: kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mukono, kisha kuziba na simenti. Simenti ya glasi ionomeri ndiyo iliyokuja kutumiwa katika njia hiyo, na leo inajulikana katika inchi nyingi. Mwaka wa 2021, OMS iliingiza simenti hiyo katika orodha yake ya dawa za lazima.

Simenti hiyo haiko bila kasoro. Rangi yake si nzuri kama ya kompoziti, na katika matundu makubwa ya meno ya kutafuna inavunjika ao kulika upesi. Lakini katika chumba kisicho na umeme wa hakika, simenti iliyowekwa vizuri ina faida kupita kompoziti iliyobandikwa juu ya mate. Munganga anayesema hivyo kwa mugonjwa wake hapunguzi heshima yake.

Wengine watasema: turudie amalgamu, ile plombaji nyeusi ya zamani, ambayo haikuomba gundi kwa sababu ilishikwa na umbo la tundu lenyewe. Ni kweli ilivumilia mengi. Lakini ina zebaki, na dunia inaiacha: Umoja wa Ulaya uliikataza, isipokuwa kwa sababu za pekee za matibabu, tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2025. Kadiri amalgamu inavyopungua sokoni, ndivyo meno mengi zaidi yatakavyotegemea gundi. Ndiyo maana jambo hili linaomba kushugulikiwa sasa, si kisha miaka kumi.

Nani afanye nini

Kwanza, wakaguzi wa afya wa jimbo wanapoingia katika kliniki ya meno, wasiishie kwenye karatasi za kodi na rangi ya ukuta. Wafungue friji. Wasome tarehe kwenye chupa ya gundi. Waulize kipimo cha mwangaza, chombo kidogo kinachotoshea katika mufuko, na waweke taa juu yake. Taa isiyofikisha nguvu isimamishwe siku hiyohiyo. Kazi hiyo inachukua dakika kumi.

Pili, ACOREP, mamlaka ya Kongo inayosimamia dawa, ifuate gundi na rezini za meno mupakani na madukani kama inavyofuata dawa za kumeza. Chupa iliyopitisha tarehe haipaswi kupata murahaba sokoni kwa sababu tu haimezwi. Inakaa kinywani mwa mutu miaka mingi kupita kidonge chochote.

Tatu, kliniki ziandike bei mbili ukutani, ya simenti na ya kompoziti, na kumuambia mugonjwa tofauti yao mbele ya kuanza. Na umeme ukikatika gundi ikiwa haijakomaa, kazi isimame, tundu lifungwe na dawa ya muda isiyo na ejenoli, na mugonjwa arudi bila kulipa mara ya pili.

Na mugonjwa naye ana haki ya kuuliza bila kuogopa. Jino langu litakauka namna gani? Taa ilipimwa lini? Chupa inaisha lini? Akiambiwa afunge kinywa kumeza mate wakati asidi imekwisha kuoshwa, ajue kwamba jino linapaswa kutayarishwa upya. Akiona munganga ana haraka, amukumbushe kwamba yeye ana muda.

Hakuna mutu anayemufukuza kwado kwa sababu anangojea gundi yake ikauke. Watu wanamungojea, kwa maana wamekwisha kuona kinachotokea pale anapoharakishwa. Munganga wa meno anastahili uvumilivu uleule, na mugonjwa anastahili munganga anayeutumia vizuri.